Ngosha, upepo wa Julai na migonyo iliyobaki ziwani

Msibani watu wanaongea na mi sina shida na hilo kabisa, msiba bila stori unakua mzito kupita kiasi. Ila pale kijijini kwao Ngosha, rafiki yangu mvuvi aliyefariki, upande wa Magu, nilikaa chini ya turubai la wanaume nikasikia habari ya ule usiku wetu wa Julai kwenye Ziwa Victoria ikisimuliwa tena na tena na kila anayeisimulia anaweka chake. Mmoja anasema tulielea siku tatu bila kula. Mwingine anasema mtumbwi ulizama kabisa na Ngosha akatuvuta mmoja mmoja mpaka nchi kavu. Mzee mmoja ambae namheshimu sana akasema marehemu alikua na dawa ya maji aliyoachiwa na babu yake, ndo maana ziwa lilimwogopa. Nikanyamaza, maana msibani sio mahali pa kubishana na wazee, lakini moyo uliniuma kwelikweli. Mi nilikuwepo. Nilichokiona hakikua dawa, nilimwona mtu anayelijua ziwa akifanya kazi moja akimaliza anashika nyingine mpaka kukakucha, na tukisema ilikua dawa tunamnyang'anya kitu alichokihangaikia tangu akiwa mtoto mdogo anashika kamba za baba yake. Kwahiyo naandika, ili iwepo mahali.

Jina lake halisi naliacha, familia ipo na watoto bado wanasoma. Pale Igombe, mwaloni kwetu Mwanza, ukisema Ngosha wa migonyo, yaani zile kamba ndefu za ndoano, kila mtu alijua unamtaka nani. Alifariki mwaka jana, presha, usiku, kitandani kwake nyumbani. Hakufa maji. Nalisema hili kwasababu na lenyewe nimeshasikia likigeuzwa.

Sasa. Ilikua Julai 2017, giza la mwezi, miezi michache kabla Operesheni Sangara, ule msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, haijaanza. Waliokulia kanda ya ziwa wanaijua Julai yetu, mvua hamna, mchana jua linawaka vizuri tu alafu usiku unashangaa unatafuta blanketi la pili. Watu wa Dar wakisikia Mwanza kuna baridi wanacheka, lakini ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai nyuzi 15 au 16 ni kitu cha kawaida. Hapo ni nchi kavu, umevaa soksi. Weka upepo wa kusi juu yake, weka na nguo zilizolowa, ndo utajua kwanini mvuvi wa Julai haendi ziwani bila jaketi zito la mtumba la soko la Mlango Mmoja.

Wengi wanapumzika kipindi hicho, hasa wale wa mitumbwi midogo. Ngosha yeye Julai alikua anaipenda, na alikua na sababu yake. Alisema huo ndo mwezi ambao maji yanageuka. Yaani kuanzia kama Septemba mpaka Mei yale maji ya juu yanakua ya moto kidogo, yanakaa juu ya yale ya baridi, hayachanganyiki vizuri, kule chini hewa inaisha na samaki hakai. Ikifika Juni, Julai, upepo na baridi vinayapiga maji mpaka ya juu na ya chini yanakua kitu kimoja, hewa inafika chini kabisa, na sangara mkubwa anashuka nayo. Kwahiyo Julai unarefusha kamba. Wenzake wanatega kama walivyotega Machi alafu wanalalamika sangara kapotea, yeye anaongeza kamba za mawe na migonyo inalala chini zaidi. Miaka baadae nilikaa na kijana mmoja aliyesoma mambo ya uvuvi Nyegezi, akanichorea kwenye karatasi habari ya maji kujigawa matabaka na kuchanganyika, nikaona ni ileile ya Ngosha, tofauti ni kwamba huyu alikua na maneno ya darasani. Ngosha aliishia la saba.

Mi nilikua likizo, na kila nikiwa likizo alikua ananichukua, tumetoka mbali, utoto wetu wote Kirumba tumekaa nyumba zinazotazamana. Akanipigia: "Mwanangu njoo, maji yamegeuka." Nikaenda.

Tulikua wanne. Ngosha, mimi, mzee mmoja wa Kijita mtu wa maneno machache sana, na dogo mmoja wa Sengerema ambae ndo kwanza alikua anajifunza kazi. Mtumbwi wa tajiri, mashine ya tajiri, na petroli tuliyopimiwa kwenye vidumu na muuzaji mmoja wa barabarani. Mchana kutwa tulikua tunachambika migonyo pale kambini. Kama hujawahi kuona, ni kamba moja ndefu sana ambayo ndoano zinaning'inia kila baada ya hatua kadhaa, kila ndoano unaweka chambo, sisi tulikua na furu na kambale wadogo, hai kama unaweza kuwapata maana sangara anapenda kinachotikisika. Unaipanga kwenye beseni kwa mzunguko, ndoano zikikaa pembeni kwa mpangilio, ukikosea zinashikana na usiku ukiwa unamwaga kamba ndoano inakuja na kidole. Vidole vya Ngosha vilikua na makovu meupe madogomadogo kila mahali, ila mikono yenyewe ilikua inaenda haraka mpaka huoni anafanyaje, chambo, ndoano, zungusha, weka, na huku anapiga stori na mama ntilie.

Tukaondoka saa kumi jioni. Ziwa limetulia. Tukatega jua likizama, mawe yakashuka, maboya ya vidumu yakakaa juu yamejipanga vizuri, tukala ugali wetu wa muhogo na dagaa, tukajikunja kusubiri alfajiri tuopoe. Mbali kule upande wa Ukerewe taa za wavuvi wa dagaa zilikua nyingi, wakati ule wengine walikua bado na karabai na wengine wameshahamia za sola, kwahiyo unaona nyingine njano nyingine nyeupe.

Saa saba usiku Ngosha akanigusa bega. Upepo ulikua bado mdogo. Akaniambia angalia taa. Nikaangalia, sikuona kitu. Akasema zinapungua, wale wa kusini wanazima wanaondoka, wao upepo umeshawafikia. Hapohapo akaamsha wenzetu, akasema tunaiacha migonyo tunarudi. Na nataka hili lieleweke na wale waliosema msibani kwamba alikua jasiri asiyeogopa kitu. Aliogopa. Aliogopa mapema, kabla yetu wote, na ndo akili yenyewe hiyo, maana alipoamua kuondoka mtumbwi ulikua bado haujaingiza hata kikombe cha maji.

Mashine ikawaka vizuri, tukaenda, nadhani hatukufika hata theluthi ya njia, ikaanza kukohoa. Ikazima. Akavuta kamba, ikawaka, ikazima. Na upepo sasa umefika, wa kusi ule, unatoka nchi kavu unaelekea maji makubwa, maana yake kila dakika tunayokaa bila mashine tunasukumwa mbali na nyumbani. Mtumbwi ukageuka ubavu. Mawimbi ya ziwa sio yale marefu ya bahari yanayokunyanyua na kukushusha, haya yetu ni mafupi, yamesimama, limepita moja lingine limeshafika, na ukiwa ubavu kila moja linakuachia kitu ndani.

Dogo akaanza kulia. Mzee wa Kijita akaanza kusali kwa sauti. Na mi nilichokua nakiona kichwani ni kile ambacho mtu yeyote wa Mwanza wa umri wetu anacho, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, na yale makaburi ya Igoma walikozikwa watu wake.

Ngosha hakumkemea mtu. Alianza kugawa kazi. Mzee akapewa kidumu kilichokatwa mdomo, "baba wewe toa maji, sali huku unatoa." Mimi nikapewa kasia niushike mtumbwi usikae ubavu kabisa. Dogo akapewa tochi, akaambiwa asiondoe mwanga kwenye mikono ya Ngosha hata iweje. Laifjaketi zilikua mbili tu watu wanne, na hapo sitaki kumtetea tajiri hata kidogo, mtu anayeweza kununua mashine ya mamilioni anaweza kununua na jaketi mbili za ziada. Ngosha akamvalisha dogo moja, nyingine akanirushia mimi. Nikasema mpe mzee. Mzee akasema vaa mwanangu, mi nimezaliwa huku. Hatukua na muda wa kuvutana.

Alafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyekisimulia msibani na kwangu mimi ndo stori yenyewe. Akakusanya kila kamba iliyokuwemo. Kamba ya nanga, kamba za akiba za migonyo, kamba ya kufungia turubai, mpaka ile ya kufungia ndoo. Akawa anaziunga kwa mafundo, amepiga magoti kwenye maji, dogo anammulika, na kila fundo analivuta kwa mguu kuhakikisha. Nikamuuliza kwa kelele unafanya nini, nanga yetu haifiki huku. Akanijibu na sauti yake ileile ya siku zote: "Inafika. Hili ziwa ni kubwa ila halina kina, kamba tu ndo ndogo."

Na ni kweli. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800, hakuna lingine Afrika linaloligusa kwa upana, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40, na pale panapozidi kote ni mita 80 na kidogo. Tanganyika inapita mita 1,400, kule ungeunga kamba mpaka kesho. Akashusha jiwe polepole, kamba inapita mkononi, anahesabu pima kimoyomoyo nikiona midomo inacheza, alafu kamba ikalegea. Jiwe limekaa chini. Akafunga mbele. Kwa muda hakuna kilichotokea, jiwe linaburuzika, alafu taratibu mbele ya mtumbwi ikaanza kugeuka, ikageuka, ikatazama upepo. Wimbi lililofuata likatukuta mbele likapasuka kulia na kushoto. Maji yaliingia, ndio, lakini kidogo, na kidumu cha mzee kikaanza kuyashinda. Kwa mara ya kwanza tangu mashine izime nikavuta pumzi mpaka mwisho.

Baada ya hapo ndo akaigeukia mashine. Alichukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akamimina petroli kidogo kutoka kwenye kidumu, akaibana katikati ya magoti isitikisike sana, akamwambia dogo amulike kwa chini. Tukasubiri. Kitakoni mwa chupa kukawa na vitone vya mviringo vinavyotembea, vinakutana, vinaungana, mwisho kukawa na mstari kabisa, juu rangi ya petroli chini maji matupu. Tumeuziwa petroli yenye maji. Sikumsikia akitukana. Alifungua plagi, akazifuta na kipande cha fulana yake ya ndani ndo kitu pekee kikavu alichobaki nacho, akamwaga kilichokua kwenye kabureta, akajaribu kuchuja ile ya juu. Ikawaka kidogo ikazima. Akarudia. Akarudia tena. Kwenye kurudia kamba ya kuwashia ikakatika, akaiweka pembeni akasema basi, hii imekataa, tusiimalizie nguvu.

Kama saa kumi hivi dogo akasema anaona kilima, yeye anajua kuogelea, na jaketi anayo, ataogelea alete watu. Kweli kulikua na kitu cheusi upande wa kushoto, inawezekana kilikua kisiwa, inawezekana wingu. Ngosha akamshika mkono, hakumwachia muda mrefu sana. Akamwambia, "Ng'wanawane, mbao inaelea. Hata tukijaa maji hii mbao inaelea. Mtu akiwa peke yake kwenye maji ya baridi hii nguvu zinaisha kabla hajafika, akishika mbao anaonekana. Usiache mbao." Alafu akamrudishia tochi, akamwambia kila akihesabu mpaka hamsini apige mwanga upande wa taa za dagaa, mara tatu, azime. Dogo akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa sauti mpaka alfajiri, na nakwambia ile sauti ilitushika wote.

Baridi ndo ilikua mbaya sasa. Mzee alianza kutetemeka mpaka kidumu kinamdondoka, tukabadilishana, Ngosha akamvua jaketi lililolowa akamkumbatia kwa nyuma wamefunikwa turubai, wakakaa hivyo. Mi nikawa natoa maji. Hapo ndipo nilipoongea nae sana, tukiwa hatuonani vizuri, tukaongea mambo ya Kirumba, nani alioa wapi, mwalimu gani alikua mkali. Nakumbuka aliniambia akipata hela atanunua mashine yake mwenyewe na atakua anachuja petroli na kitambaa kabla ya kila safari, na laifjaketi idadi ya watu. Mashine aliipata miaka miwili baadae, ya mkono wa pili. Na jaketi alinunua nne kabla hata ya mashine haijafika.

Kulipoanza kupambazuka upepo haukupungua ila tuliona tulipo, ardhi ilikua mstari mwembamba tu. Simu aliiweka kwenye nailoni tatu ndani ya kopo la mafuta ya kula, akaitoa, netiweki inakuja inapotea, akafanikiwa kuongea na tajiri nusu dakika ikakata. Ila waliotufikia sio tajiri. Ni mtumbwi wa dagaa uliokua umejificha upepo nyuma ya kisiwa usiku kucha na sasa unarudi kambini kwao, kijana wao wa mbele aliona tochi ya dogo, ile ya kila hamsini. Wakatukaribia kwa adabu, upande wa chini wa upepo, wakarusha kamba. Ngosha akauliza kwanza: "Mwangaluka, mna petroli ya kutufikisha au tutawamaliza?" Wakasema ipo. Wakatuvuta mpaka kambini kwao, wakawasha moto, wakatupa uji wa moto usio na sukari. Mzee wa Kijita alikunywa vikombe sijui vingapi. Wale watu hawakutuuliza hela. Ziwani hivyo ndivyo ilivyo, na waliokuwepo Bukoba Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani wanajua ni watu gani walifika kwanza na mitumbwi yao.

Basi, kwa kawaida stori inaishia hapo, na msibani iliishia hapo. Ila kesho yake jioni upepo ulipolegea Ngosha aliazima mashine kwa rafiki yake, akanunua petroli sehemu nyingine, akaiangalia kwenye chupa mbele ya muuzaji, akaniambia twende tukaopoe. Mke wake alikasirika na alikua na haki. Ngosha akamwambia migonyo ikibaki kule itaendelea kuvua yenyewe, samaki watanasa wataoza, na kamba itakuja kushika mtumbwi wa mtu. Tukaenda. Alifika pale moja kwa moja kwa kulinganisha kilima na kilima, boya moja lilikua limehama lakini yale mengine yapo palepale. Tukavuta. Wengi walikua wameshaharibika, tukawaachia ndege. Karibu na mwisho kamba ikawa nzito, ikaanza kutikisika, akatoka sangara hai, mkubwa, tumbo jeupe linang'aa, ilibidi tumshike wawili.

Aliponiambia tupite kambi ya wale wa dagaa nilijua anataka kuwalipa petroli. Akawapa hela, wakakataa, akaweka tena, mkubwa wao akairudisha kwenye mfuko wa shati la Ngosha akapiga mfuko mara mbili. Ndipo Ngosha akarudi mtumbwini akambeba yule sangara peke yake kifuani akaenda kumlaza mbele ya jiko lao. Mtu wa huku anajua bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, la sangara wa ukubwa ule ni hela, mara nyingine kuliko nyama yenyewe, na mvuvi kitu cha kwanza ni kupasua alitoe. Yeye hakumpasua. Alimwacha mzima, bondo ndani.

Tajiri alivyosikia aliwaka kweli, akasema ile ni mali yake. Ngosha akasema sawa tajiri, siku ya hesabu likate kwenye fungu langu. Likakatwa lote.